Mwenda pole hajikwai: Safari ya Moab, mji wa miamba myekundu

Nilitumwa kumkanya mtoto wa dada yangu, na sina budi kukiri mapema kwamba kazi hiyo ilinishinda.

"Wewe ndiye mjomba wake," dada aliniambia kwa simu kutoka Salt Lake City, katika jimbo la Utah, Marekani. "Mimi nimesema mpaka sauti imekauka. Kijana ana miaka 15, alama zake za hesabu zimeshuka, na kutwa nzima yumo ndani ya gereji na kigari cha kuchezea. Ukija, usimchekee. Mwambie akiweke kando ashike vitabu."

Dada yangu ni muuguzi. Hufanya kazi zamu za usiku, na katika mshahara huo huo ndimo zinamotoka dawa za mama yetu kule Voi na karo ya watoto wa ndugu. Nilipoambiwa kwamba kigari chenyewe, pamoja na vipuri vyake, kilikuwa kimekula zaidi ya dola 400, yaani zaidi ya shilingi 50,000, damu ilinichemka. Ni kweli kijana alizipata pesa hizo kwa jasho lake, akikata nyasi za majirani wakati wa joto na kuwaondolea theluji mlangoni wakati wa baridi. Hata hivyo, nilijiuliza, ni mchezo gani huo wa mtoto wenye bei ya ng'ombe?

Basi nilipotua huko mwezi wa Mei 2024, hotuba yangu ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeipanga ndani ya ndege, mwanzo hadi mwisho, pamoja na methali zake.

KARAKANA YA MPWA

Asubuhi ya pili nilimfuata gerejini. "Shikamoo, Mjomba," alisema, akainuka. Maneno hayo mawili ni karibu nusu ya Kiswahili chote anachokijua, na aliyatamka kwa heshima hata hotuba yangu ikapungua makali kabla haijaanza. Kisha akaongeza kwa Kiingereza kwamba nisiguse magurudumu yaliyokuwa mezani, gundi ilikuwa haijakauka.

Mezani palikuwa na kigari chenye urefu wa mkono wa mtu mzima, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole na zaidi kidogo. Kilikuwa moja ya kumi ya ukubwa wa gari la kweli. Wenyewe hukiita krola, maana yake kitambaacho. Si kigari cha mbio. Kinaongozwa kwa mawimbi ya redio kutoka kijisanduku ambacho dereva hukishika mkononi, na kazi yake ni moja tu: kupanda mwamba ambao hata mbuzi angeufikiria mara mbili.

"Kwa nini kinakwenda polepole hivi?" nilimuuliza alipokiwasha. Hata kobe wa nyumbani Voi angekipita.

Akanionyesha ukutani. Alikuwa amebandika karatasi iliyojaa tarakimu. Gia ndogo ya mota ina meno 14, na ile kubwa inayozungushwa nayo ina meno 56. 56 kugawanya kwa 14 ni 4. Ndani ya sanduku la gia mna upunguzo wa 2.6, na katika difu mna mwingine wa 2.9. Zidisha zote tatu upate 30 na ushei. Maana yake, mota lazima izunguke mara 30 ili gurudumu lizunguke mara moja tu. Kasi yote inayopotea hapo inageuka kuwa nguvu. Mtu yeyote aliyewahi kupanda mlima kwa baiskeli yenye gia anaijua siri hiyo miguuni mwake.

Nilizitazama tarakimu hizo kwa muda. Huyu ndiye mtoto aliyesemekana kushindwa na hesabu.

Akaendelea kunifundisha, nami nikawa mwanafunzi. Msomaji bila shaka amewahi kuona matatu iliyokwama kwenye matope: gurudumu moja linazunguka kama tiara na kurusha tope, huku lenzake la upande wa pili limetulia tuli. Hiyo ni kazi ya difu, ambayo huyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Barabarani ni jambo jema, lakini mwambani ni balaa, kwa sababu nguvu hukimbilia gurudumu lililo hewani. Kwa hiyo difu za krola hufungwa kabisa, magurudumu yote manne yakazunguka pamoja, liwalo na liwe.

Matairi nayo hayajazwi upepo. Ni ya mpira laini sana, na ndani yake hutiwa sponji. Rimu ina tundu dogo la kupumulia, ili tairi libonyee na kukumbatia jiwe. Dereva akiachilia kidude cha mwendo, mota yenyewe hugeuka breki, na kigari husimama hapo hapo mteremkoni bila kuteleza. Betri zake, za aina ya lithiamu, hutaka adabu. Mpwa wangu huzichaji ndani ya mfuko usioshika moto, naye hukaa papo hapo mpaka zijae, maana betri hizo zikichajiwa vibaya au zikitobolewa zinaweza kuwaka.

Lakini jambo lililonipendeza kuliko yote ni la uzito. Kigari kikiinua pua kupanda jabali, uzito wote hurudi nyuma, na kikizidi kuinuka hupinduka chali kama mende. Dawa yake ni kuweka uzito chini na mbele. Kijana alikuwa amefunga vipande vya shaba ndani ya rimu za mbele, akapima mbele, akapima nyuma, akahamisha betri, akapima tena. Mwishowe kigari kilikuwa na gramu 2,500, na katika hizo 1,500 zilikuwa mbele na 1,000 nyuma. Asilimia 60 kwa 40, kama alivyotaka.

"Umepimia nini?" nikauliza.

Akatazama chini. Mlangoni tukasikia sauti ya dada: "Kumbe mizani yangu ya jikoni iko huku!"

GARI LA WAYA

Alipoondoka na mizani yake, kijana aliniuliza: "Mjomba, nyinyi mlichezea nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia jinsi tulivyookota waya kandokando ya reli pale Voi, tukaupinda ukawa bodi ya lori, tukakata soli za patipati zilizochakaa kuwa magurudumu. Aliyekosa patipati alitumia vizibo vya soda. Mkebe wa Kimbo ulikuwa tangi la petroli. Usukani ulikuwa waya mrefu uliofika kifuani, ukaukimbiza huku ukinguruma kwa mdomo mpaka mate yakukauke.

Sikutarajia swali lililofuata. "Magurudumu ya mbele yalipindaje kona?" Nikachukua kalamu nikamchorea, waya hapa, kitanzi pale. Alikitazama mchoro, akakitazama kigari chake, akasema, "Ni kitu kile kile."

Hotuba yangu niliiahirisha. Jumamosi ile palikuwa na mashindano kusini mwa jimbo, karibu na mji wa Moab. Dada alikuwa na siku mbili za mapumziko. Nikamwomba twende sote watatu, nikamwahidi kwamba nitasema na kijana baada ya hapo. Alikubali shingo upande.

SAFARI YA KUSINI

Kutoka Salt Lake City hadi Moab ni kilomita 375 hivi, mwendo wa saa nne. Barabara huacha mabonde yenye nyumba na maduka, ikapenya katika korongo lenye miti, kisha ikateremka kwenye mji wa Price, ambao ulikulia katika makaa ya mawe. Baada ya hapo, nchi inakuwa kame. Unapita Green River, mji unaosifika kwa matikiti maji, ingawa mwezi wa Mei hatukuona hata moja.

Halafu rangi ikabadilika. Kijivu kikaisha, na ardhi ikawa nyekundu. Si nyekundu ya kukisia, bali nyekundu ile ile ya Tsavo, inayowapaka ndovu rangi wakaonekana kama waliochovywa. Dada alisimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akachota mchanga kidogo ukingoni mwa lami, akaumwaga tena taratibu. "Miaka 19 niko nchi hii," alisema, "sijawahi kuja huku." Kijana alimtazama mama yake kama anayemwona mara ya kwanza.

Wekundu huo hutokana na chuma kilichoshika kutu ndani ya mchanga. Miamba yenyewe ilikuwa matuta ya mchanga uliopeperushwa na upepo, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, ukagandamana ukawa jiwe. Maji, barafu na upepo vikalichonga. Karibu na mji iko mbuga ya Arches, ambayo ina matao ya mawe zaidi ya 2,000 yaliyotobolewa na maumbile yenyewe. Mto Colorado unapita hapo, maji yake ya udongo, na upande wa mashariki milima ya La Sal husimama na theluji vileleni. Ukiwa umesimama jangwani kwenye joto, unaitazama theluji.

Jina la mji ni lile lile la Moabu ya kwenye Biblia, nchi ya Ruthu, mwanamke aliyekataa kumwacha mkwewe akaenda kuishi ugenini. Dada alilitaja hilo mwenyewe, kisha akanyamaza kwa muda.

Moab ni mji wa watu 5,000 na ushei. Mnamo 1952 mtu aliyeitwa Charlie Steen aligundua madini mengi ya urani kusini-mashariki mwa hapo, na watu wakamiminika. Urani ilipopoteza soko, mji ulikuwa karibu kufa njaa. Ulichookolewa nacho ni mawe yale yale ambayo wachimbaji waliyaona kuwa kikwazo. Leo watu huja kutoka pembe nyingi za dunia kuyapanda kwa miguu, kwa baiskeli na kwa magari. Tangu 1967, kila Pasaka hufanyika msafara mkubwa wa magari ya jipu. Vigari kama cha mpwa wangu ni watoto wa magari hayo makubwa. Wapenzi wa kwanza wa mchezo huu waliyakata na kuyaunda upya magari ya kuchezea kama Clod Buster, ambalo kampuni ya Tamiya ya Japani ililitoa 1987 likiwa na mota mbili, moja katika kila ekseli. Baadaye viwanda vikaanza kutengeneza krola zenyewe.

Mwamba wa Moab wenyeji huuita mwamba wa utelezi. Farasi wa walowezi walikuwa na njumu za chuma, na chuma kiliteleza juu yake. Lakini mpira haukuteleza. Mpira hushika pale kama kupe. Ndiyo maana mahali palipowashinda farasi pamekuwa pepo ya matairi.

MASHINDANO

Tulifika mapema. Palikuwa na washindani 17, mdogo wao wa miaka 12 na mkubwa wao mzee mwenye mvi aliyekalia kigoda. Waandaaji walianza kwa onyo ambalo halikuhusu vigari hata kidogo. Kuna udongo mweusi wenye vinundu kati ya miamba, walisema, na udongo huo u hai. Umefumwa kwa viumbe vidogo mno, kuvumwani na kuvu, na ndio unaouzuia mchanga usipeperuke. Unyayo mmoja huuharibu, na kupona kwake huchukua miaka mingi. Kila mtu atembee juu ya mwamba mtupu. Dada, ambaye alikuwa amesimama hatua moja kutoka udongo huo, alirudi nyuma haraka.

Kisha kanuni za siku hiyo zikasomwa. Njia zilikuwa nne. Kila moja ilikuwa na milango kumi, na kila mlango ni vijiti viwili vilivyosimamishwa mwambani, kigari kikipita katikati kwa shida. Muda ni dakika sita kwa kila njia. Mwenye alama chache ndiye mshindi, kwa maana alama ni adhabu. Ukirudi kinyumenyume, alama 1. Ukigusa kijiti, alama 10. Ukikigusa kigari kwa mkono, mathalan kimepinduka, alama 10.

Kwetu Kenya tuna mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza 1989 ili kuchangia ua wa umeme wa msitu wa Aberdare. Mle pia anayesifiwa si mwenye mbio bali aliyekwenda umbali mfupi zaidi kati ya vituo, hata ikibidi kushuka genge. Nilipomweleza mpwa habari hizo, alitabasamu. Mchezo huu ni ndugu yake mdogo.

Njia ya kwanza kijana aliimaliza kwa alama 3 tu. Sikuwa nimewahi kumwona mtoto ametulia hivyo. Kidole chake kilisogea kama cha mtu anayetunga shanga. Kigari kiliweka gurudumu moja juu, kikatikisika, kikatafuta mahali pa kushika, kikajivuta. Nilijikuta nimeacha kupumua.

Njia ya pili kilipinduka. Alama 10.

Ya tatu, mlango wa mwisho, nikasikia kitu kimelia "tak". Kigari kilivuka, lakini gurudumu la mbele la kushoto lilitazama upande wake na la kulia upande wake. Kijiti cha chuma kinachoyaunganisha magurudumu ya mbele kilikuwa kimekatika. Kipuri cha akiba alikisahau nyumbani, juu ya meza, pale pale ilipokuwa mizani.

Zamu yake ya mwisho ilikuwa imebakiza dakika 20. Midomo ilimtetemeka. Mama yake alifungua mdomo, nami nikajua linalokuja: si nilikwambia? Nikamgusa mkono, naye akaumeza.

"Nani ana waya?" nikauliza.

Ndani ya buti la gari tulipata kitundikio cha nguo, cha waya, kilichotoka dobi na sare ya kazi ya dada. Kwa koleo la mpwa nikakikata, nikakipinda kitanzi huku na kitanzi kule, kama nilivyofanya miaka 40 iliyopita kando ya reli. Vidole vilikuwa havijasahau. Kijana alipima urefu, akaniambia nipunguze milimita mbili, nikapunguza. Dada ndiye aliyeshika tochi ya simu chini ya kigari tulipokuwa tukikaza skrubu. Magurudumu yakatazama upande mmoja.

NIMEGUSA

Njia ya nne alikwenda vizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini. Mlango wa saba ulikuwa kwenye ufa, na kigari kilitambaa kikiwa kimelala ubavu. Mwamuzi alikuwa upande wa pili wa jiwe. Hakuna aliyeona kitu, mimi pia sikuona.

Kijana akainua mkono. "Nimegusa kijiti," alisema.

Mwamuzi akazunguka, akatazama, kijiti kimesimama wima. "Una hakika?" akamuuliza.

"Ndiyo. Kilitikisika."

Mwamuzi akaandika 10.

Jumla zilipotangazwa, mpwa wangu alikuwa wa tano. Bila alama zile 10 angekuwa wa tatu, na mshindi wa tatu alipewa seti ya matairi mapya ambayo kijana alikuwa ameyatamani mwaka mzima. Alimpigia makofi aliyeyapata, akaanza kufungasha vyombo vyake.

Dada alimwendea. Nilidhani atasema juu ya yale matairi, au juu ya hesabu. Alimfuta vumbi jekundu shavuni kwa kidole gumba na kumwambia kwa Kiswahili, neno moja baada ya jingine ili aelewe: "Mwanangu. Nimekuona."

Tulipokuwa tukirudi usiku, kijana amelala kiti cha nyuma na kigari kifuani, dada aliniuliza iwapo nilikuwa tayari kutoa hotuba yangu. Nikamwambia niliisahau ndani ya ndege. Akacheka, kisha akasema jambo la maana zaidi. Alama za hesabu bado zimeshuka, na cheko halitazipandisha. Nilikubaliana naye. Kesho yake tuliketi wote watatu mezani tukapatana: siku za shule kigari kitakaa juu ya kabati, na Jumamosi kitashuka. Na mama atakuwa akiingia gerejini Jumamosi hizo, amwonyeshe kijana jinsi tarakimu za ukutani ndizo zile zile za kitabuni, maana mwalimu hakuwa amemwambia hivyo, wala sisi.

Kwa wazazi wenzangu wa Nairobi, Mombasa na kwingineko, sisemi mwende mkatoe shilingi 50,000. Mota ndogo imo ndani ya kila kinasa sauti kibovu, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji hawakosi kipande cha bati cha kutupa. Gari la waya bado halijapitwa na wakati. Ninachosema ni kwamba kabla hujamkataza mwanao mchezo, vuta kigoda uketi karibu naye, umuulize kinafanyaje kazi.

Kile kitundikio bado kiko pale pale chini ya kigari. Nilimtumia mpwa pesa za kununulia kipuri kipya, akanijibu kwa Kiswahili alichoandika mwenyewe, na makosa yake yote: "Asante Mjomba, lakini hii waya ni nguvu zaidi."